Kamera Mpya, Giza Lile Lile

Ndugu msomaji, kabla hujanirushia mawe naomba unisikilize mpaka mwisho, maana najua wengi mnaosoma kurasa hizi ni washikaji zangu, na najua mmebeba nini kwenye mikoba yenu. Nusu ya waandishi chipukizi ninaowafahamu hapa Dar ni wapiga picha wa Jumamosi. Riwaya hailipi, ushairi ndiyo kabisa, basi tunapiga harusi, kipaimara, sendofu na mahafali, tunapata nauli na hela ya karatasi. Mimi mwenyewe nimo. Kwa hiyo ninaposema kuna ugonjwa umetuingia, muelewe kuwa nami nililazwa wodi hiyohiyo.

Ugonjwa wenyewe ni huu wa kubadili kamera. Keti kijiwe chochote cha wapiga picha dakika kumi tu, utasikia. "Kaka, bado uko na a6000? Hiyo ni ya mwaka 2014, bwana! Panda juu." Na kila mtu anapanda. Anauza simu, anakopa kikoba, anamzuga mjomba, anapanda. Ukimwuliza huko juu kuna nini, anakutajia namba.

Hebu tuzitazame hizo namba. Kamera hizi ndogo wanazoziita mirolesi ni zile ambazo kile kioo kilichokuwa kikiruka ndani kila unapobonyeza kimeondolewa. Mwanga unapita kwenye lenzi unakwenda moja kwa moja kwenye sensa (siyo ile ya kuhesabu watu), na unachokiona kwenye kidirisha ndicho sensa inachokiona. Kwa kuwa kioo hakipo, mwili wa kamera umepungua, unaingia hata kwenye mkoba wa mama wa kwendea kanisani. Panasonic walitoa Lumix G1 mwaka 2008, Sony wakaingia mwaka 2010, na ilipofika mwaka 2018 hata Canon na Nikon, waliokuwa wamevipenda mno vioo vyao, wakaleta mirolesi za sensa kubwa kwa ajili ya watu wa kazi. Hadi hapo sina ugomvi na mtu.

Sasa chukua ukoo mmoja tu, huu wa Sony ambao kijiweni kwetu ndio umeenea. a6000 mwaka 2014. a6300 mwaka 2016, na mwaka huohuo a6500. a6400 mwaka 2019, na mwaka huohuo a6100 na a6600. a6700 mwaka 2023. Namba zinapanda na kushuka kama za vyumba vya gesti bubu. Megapikseli je? Ya kwanza 24. Tano zilizofuata, 24. Hii ya mwisho, 26. Miaka tisa! Na sensa ni saizi ileile kwa zote, kama milimita 23 na nusu kwa 15 na nusu, ndogo kuliko stempu nyingi za barua.

Hapo najua kuna mtu ameshanirukia. Atasema fokasi. Ni kweli, na sitaki kuwa mwongo wa upande wa pili. a6400 inalidaka jicho la mtu na kulifuata akicheza, akigeuka, akipita nyuma ya MC, jambo ambalo a6000 inalifanya kwa kubahatisha. Ina tundu la kuchomekea maikrofoni, mwenzake hana. Ina kioo cha nyuma kinachopinduka juu kwa wale wanaojipiga wenyewe. Ukitaka kamera inayotuliza mtikisiko wa mkono ndani ya mwili wake, hapo utafute a6500, a6600 au a6700. Na hizi mbili za mwisho zina betri ya mAh 2,280 badala ya ile ya 1,020, na katika mji ambao umeme unaweza kukatika ukumbini wakati wa keki, mimi sitamcheka mtu anayenunua betri. Anayepiga mpira uwanjani, anayepiga video, anayekimbizana na watoto, apande tu, hela yake itamjibu. Ila wengi wetu hatupandi kwa sababu hizo. Tunapanda kwa sababu picha zetu ni mbaya na hatujui kwa nini.

Mimi yangu nilijua baadaye.

Desemba 2023 dada yangu aliolewa. Nilikuwa na a6000 ya mtumba niliyoinunua kwa hela ya mahafali matatu, pamoja na lenzi inayokuja nayo, ile ya milimita 16 mpaka 50. Bajeti ya harusi ilikuwa imekatwa na kamati mara mbili, wakafika kwenye mpiga picha, mtu mmoja akasema, "Mdogo wake si ana kamera?" Basi, yakaisha. Bibi yetu mzaa mama alikuja kutoka Korogwe kwa basi, mara ya kwanza kukanyaga Dar tangu nikiwa darasa la tatu. Alisimama kando ya dada, akamshika mkono, akacheka kicheko chake kile cha kufunga macho. Nikabonyeza. Ukumbi ulikuwa na zile taa za zambarau ambazo wapambaji wa siku hizi wamezitia kila mahali, sijui nani aliwaambia kuwa binadamu anapendeza akiwa zambarau.

Gauni lilitoka. Unaweza kuhesabu shanga zake. Nyuso zikatoka kama makaa. Uso wa dada niliuokoa kwa sababu alikuwa amepakwa poda za kila namna zinazong'aa. Uso wa bibi, kila nilipouvuta juu kwenye kompyuta ulijaa chenga kama televisheni ya antena ya sufuria. Nilikuwa napiga JPEG ili kadi isijae haraka. Ningepiga RAW, lile faili ghafi, labda ningepata kitu cha kuvuta. Labda.

Bibi alifariki masika ya mwaka 2024. Ilipotafutwa picha ya kuweka kwenye ratiba ya mazishi, watu wote wakanigeukia mimi, mwenye kamera. Mama aliitazama ile ya ukumbini kwa muda, akasema tu, "Huyu anaweza kuwa mtu yeyote." Wakachukua ya kadi ya mpiga kura, wakaikuza.

Mtu akifiwa hutafuta wa kumlaumu, na mimi nikailaumu kamera. Ati ni ya zamani. Ati sensa imechoka. Kijiweni waliniunga mkono wote, hakuna aliyeomba hata kuiona picha yenyewe. Mwezi ule mama alikuwa amefikiwa na zamu yake ya mchezo, milioni moja na laki mbili, alizotaka kuezekea jiko la nje anapochomea maandazi ambayo ndiyo yaliyonisomesha mpaka kidato cha nne. Nikamwambia, "Mama, nikipata kamera nzuri hii hela inarudi ndani ya miezi mitatu." Mama hajui kamera, ila ananijua mimi. Akanipa. Nikauza ya zamani, nikaongeza juu yake, nikatoka Kariakoo na a6400 iliyotumika kidogo. Muuzaji alinipa mkono kama mtu aliyefaulu mtihani wa taifa. Lenzi? Ileile ya 16 mpaka 50, kwa sababu mshiko wote uliishia kwenye mwili wa kamera.

Harusi ya kwanza, ukumbi mwingine, zambarau ileile. Fokasi ikamdaka bibi harusi jichoni na haikumwachia mpaka usiku wa manane. Nilirudi nyumbani nikiimba. Nikafungua picha. Jicho kweli limenata, kali kama ncha ya sindano, limekaa katikati ya uso mweusi tii. Lo! Nilikuwa nimelipia hela ya jiko la mama ili giza langu liwe na fokasi nzuri zaidi.

Magomeni kuna mzee mmoja aliyekuwa na studio enzi za filamu, siku hizi anapiga pasipoti saizi tu na kukuza picha za marehemu. Nilimpelekea ile kamera nikitaka aniambie kama nimeuziwa mbovu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leta tuone."

Akavaa miwani, akatazama picha kama tano, akazirudia, akanikabidhi kamera yangu.

"Nzima hii. Wewe umepima gauni."

"Sijaelewa, mzee wangu."

"Kamera haijui harusi, mwanangu. Inaona cheupe kingi, inasema hapa mwanga umezidi, inapunguza. Yenyewe inataka kila kitu kiwe kijivu. Gauni linatoka zuri, sisi tunazama. Ni wewe wa kuiambia hapana, ongeza."

Akanionyesha kitufe chenye alama ya jumlisha na toa. Akamwita mjukuu wake aliyekuwa na sare nyeupe ya shule, akamsimamisha karibu na dirisha, akajumlisha moja, akaongeza theluthi mbili. Uso wa yule mtoto ukaja. Nasema ukaja, maana niliuona ukija kwenye kidirisha kabla hata hajabonyeza, mashavu, paji la uso, kovu dogo juu ya nyusi. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kamera isiyo na kioo na wala hakuna anayeitaja kijiweni: inakuonyesha mwanga wa picha kabla hujaipiga. Enzi za mzee yule ilibidi usubiri mpaka mkanda usafishwe ndipo ujue kama una harusi au una msiba.

Na kitufe kile, ndugu msomaji, kilikuwepo kwenye a6000 niliyoiuza. Kidirisha kile pia. Siku ya harusi ya dada nililitazama giza lile kwa macho yangu mwenyewe, liko mbele yangu, nikabonyeza.

Somo la pili la mzee lilikuwa la lenzi, nalo nalitoa bure. Lenzi hii ya kuanzia, ukiivuta mpaka milimita 50 ili upate uso wa mtu, tundu lake linafunguka mwisho f/5.6. Ipo lenzi ndogo ya milimita 50 isiyovutika, inayofunguka mpaka f/1.8. Katika namba hizi, ndogo ndiyo kubwa. Chukua 5.6 ugawe kwa 1.8, jibu ulizidishe kwa lenyewe, unapata kama 10. Yaani mwanga mara kumi, kwenye kamera ileile, ukumbi uleule, na zambarau ileile! Hakuna mwili wa kamera katika ukoo wote nilioutaja unaokupa mara kumi kuliko mwenzake. Na lenzi yenyewe ya mtumba niliikuta kwa chini ya theluthi ya hela niliyoiacha Kariakoo. Ina shida zake, sikufichi. Kwenye sensa hizi inabana, ukitaka kuwapiga wazazi wote wanne unarudi nyuma mpaka mgongo unagonga spika za DJ, na ukiifungua yote aliyesimama safu ya pili anakuwa ukungu. Lakini uso mmoja, uso wa bibi anayecheka? Ungetoka.

Sasa nageukia upande wa pili, maana naona wameanza kunipigia makofi na sitaki makofi yao. Hawa ni wale wanaosema, "Kifaa si kitu, kamera ni jicho." Mmoja wao namfahamu vizuri, ana kamera tatu na lenzi sita, na kila akiulizwa na kijana jinsi ya kuanza anajibu kwamba apige kwa simu, kinachotakiwa ni jicho. Halafu yeye Jumamosi habebi simu.

Hupenda sana kumtaja Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio yake mwaka 1948. Ati tazameni, hakuwa na chochote, kitambaa cha maua kimetundikwa uani na mwanga wa jua, na dunia nzima sasa inamsujudia. Hivi mmewahi kujiuliza alikuwa anapiga kwa nini? Negativu zake nyingi zilikuwa za sentimita 13 kwa 18. Piga hesabu na sensa zetu: ni zaidi ya mara sitini kwa eneo. Sitini! Yule mzee hakuwa maskini wa kifaa hata kidogo. Alikuwa na chombo kikubwa cha kupokea mwanga, akauchagua mwanga wa mchana wa nje, akamgeuza mteja mpaka uso ukakaa sawa, na mara nyingi akapiga mara moja tu kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Aliijua sura nyeusi inataka nini. Kumtumia mtu kama huyo kuwaambia vijana kwamba kifaa si kitu ni kutomtazama kabisa.

Wala kifaa hakijawahi kuwa hakina upande. Kipima mwanga hakina chuki na mtu, kinapima tu, lakini filamu za rangi zilikuwa habari nyingine. Kwa miaka mingi maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, waliyoizoea kwa jina la Shirley, na yeye akitoka sawa ikahesabika kwamba wote tumetoka sawa. Waliofanya kazi Kodak wamesimulia kwamba miongoni mwa waliolalamika wakasikilizwa walikuwa wauza chokoleti na wauza samani, ambao bidhaa zao za kahawia zilikuwa hazionekani vizuri. Chokoleti, ndugu zangu! Kina mzee wa Magomeni waliupokea mkanda ule ule na wakajifunza wenyewe kuongeza mwanga, kwa sababu hawakuwa na jinsi, na mteja akija kuchukua picha anataka kujiona. Sisi tumepewa kamera ambayo inatuonyesha kosa kabla hatujalifanya, na elimu ile tumeiacha ife na studio zao, tunakwenda kuuliza Kariakoo ipi ndiyo mpya.

Wapo watakaoniuliza kamera zinahusu nini kwenye jarida la fasihi. Zinahusu sana, maana hotuba hii ya jicho tunaisikia hata sisi waandishi. Mwaka jana kwenye mkutano wa waandishi alisimama mtu mzima mmoja mwenye vitabu vyake kadhaa, akatuambia mwandishi wa kweli anaandika hata kwenye mfuko wa sementi. Tukapiga makofi. Aliposhuka akafungua kompyuta yake ya mapajani akaanza kuandika. Riwaya yangu ipo kwenye kauntabuku nne. Hakuna mchapishaji anayepokea kauntabuku. Stesheni ya karibu na kwetu wanachapa shilingi 1,000 kwa ukurasa, na kwa hesabu yangu zitafika kurasa 260. Hela ya mama ingeichapa riwaya yote mara nne na chenji ya bati ikabaki. Kilichokuwa kinanibana mimi kama mwandishi kilikuwa kuchapa, kitu cha shilingi laki mbili na sitini, na kilichonibana kama mpiga picha kilikuwa kwanza ujinga, halafu lenzi. Mwili wa kamera haukuwemo kwenye orodha. Lakini ndio nilioununua, kwa sababu ndio wenye namba, na ndio ambao ukiutundika shingoni watu wanauona.

Najua nitajibiwa kwamba wateja nao wanatazama namba. Ni kweli, nimeshanyimwa kazi na kamati moja kwa sababu kamera yangu ni ndogo, walitaka "ile kubwa kama ya waandishi wa habari". Sasa nawabebea picha kumi zilizosafishwa kwenye karatasi, nyuso tupu, za watu weusi kama wao, nawawekea mezani kabla hawajaniuliza chochote. Wengine wanakubali. Wengine wanamchukua mwenye kubwa, na nawaombea heri.

Hiyo a6400 nimeiweka sokoni. Nataka kurudi kwenye a6000, ninunue na ile 50, kinachobaki kiende jikoni kwa mama, maana masika inarudi na bati ni zilezile. Wiki iliyopita alikuja kijana, mdogo kuliko mimi, anapiga mahafali. Akaishika kama mtoto mchanga. Akaniuliza megapikseli ngapi, nikamwambia 24. Akaniuliza ya mwaka gani, nikamwambia 2019. Akasema anayo a6000, ataiuza aongezee. Nikamwambia anionyeshe picha zake. Akatoa simu: majoho meusi, mashati meupe, nyuso hazipo. Nikakaa naye kwenye benchi nusu saa nzima, nikamweleza habari ya gauni, kitufe na lenzi, kama nilivyoelezwa. Alinisikiliza kwa adabu. Mwisho akanitazama vizuri, akasema, "Kaka, niambie ukweli tu. Hii kamera ina ubovu gani?" Akaondoka.

Bado ninayo. Anayeitaka aje, bei tutaelewana, ila aje na picha zake tano za mwisho tuzitazame kwanza.